Ahsante si Hati ya Deni

Ndugu msomaji, kila mwaka ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vyetu vinapofungua milango yake, huonekana katika vituo vya mabasi jambo ambalo wewe na mimi tumekwisha lizoea hata hatulitazami tena. Mzazi na kijana wake husimama kando ya sanduku na godoro lililofungwa kwa kamba. Gari linanguruma, utingo anahimiza abiria wapande, na mzazi, ambaye usiku kucha alikuwa akitafuta maneno ya kuagia, hayaoni tena. Hapo husema yale ambayo karibu kila mzazi huyasema: "Mwanangu, usisahau ulikotoka."

Ni maneno mema, na wazee wetu walituambia hayo hayo. Lakini yanaweza kuingia katika sikio la kijana kwa njia mbili. Kijana aweza kuyasikia hivi: nyuma yangu wapo watu, na siku nitakapojikwaa watanishika mkono. Aweza pia kuyasikia hivi: nyuma yangu wapo watu wanaonidai, na siku nitakapojikwaa nitakuwa nimewadhulumu. Tofauti ya usikivu huo ndiyo ninayotaka tuizungumze Jumapili hii, kwani mwaka juzi iliingia nyumbani kwangu, na aliyeiingiza ni mimi mwenyewe.

DAFTARI LA MJOMBA

Ninaye mpwa, mtoto wa dada yangu aliyeko Muheza. Baba yake alifariki angali mdogo, na kwa kuwa dada yangu anategemea shamba dogo la machungwa, kijana alipofaulu kuingia kidato cha tano nilimchukua, nikamnunulia sare, ndoo na godoro, nikamlipia masomo ya ziada wakati wa likizo. Hata alipopata nafasi ya chuo kikuu, mkopo aliopewa haukutosheleza gharama zote, na kilichopungua nilikitoa mimi. Sikuyafanya hayo kwa uchungu. Niliyafanya kwa moyo mkunjufu, kama ambavyo wengi wenu mnawafanyia watoto wa ndugu zenu kila siku.

Kosa langu lilikuja usiku wa kuamkia safari yake. Nilimwita sebuleni, mbele ya mke wangu na wanangu, nikatoa daftari dogo ambalo huandikia matumizi ya nyumba. Nilimsomea. Godoro, shilingi kadhaa. Nauli, mara sita. Ada ya masomo ya ziada, miezi minne. Nilipomaliza, nilifunga daftari nikamwambia, "Mjomba, nataka ujue jinsi tulivyojinyima kwa ajili yako." Nilidhani ninamfundisha kushukuru. Naye aliinama akasema, "Nashukuru, Mjomba." Nikaenda kulala nikiwa nimeridhika kabisa.

Majuma matatu baada ya kufika chuoni, kijana huyo alikuwa amekubaliana na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu amtumie fedha za chumba kwa njia ya simu. Saa hiyo hiyo ikaingia katika simu yake ile barua ya matapeli ambayo kila Mtanzania mwenye simu anaijua, yenye kumwambia mtu kwamba ile fedha aitume kwenye namba hii. Akadhani ni yule mwenziwe. Akaituma. Fedha ikapotea, na chumba kikaenda kwa mwingine.

Sikuambiwa neno. Kila nilipompigia simu aliniambia, "Salama tu, Mjomba, masomo yanaendelea." Kumbe alikuwa akiishi kwa kile ambacho wanafunzi wa vyuo vyetu hukiita kubebana, yaani mwenye kitanda kumpokea asiye na kitanda. Aliyembeba alikuwa kijana wa mkoa mwingine kabisa, ambaye walikuwa wamefahamiana kwa siku tisa tu. Walilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule, juu ya kitanda cha futi mbili na nusu, kwa muda wa majuma saba. Mpwa wangu alikula mlo mmoja kwa siku. Alijitenga na wanafunzi wenzake waliotoka Tanga, asije mmoja wao akapeleka habari nyumbani. Mitihani ilipokuja alishindwa masomo mawili, akapewa sapu mbili, na usingizi ukamwisha.

Nilikuja kujua kwa sababu aliugua homa, na yule mwenye kitanda alichukua simu ya mgonjwa, akatafuta jina la "Mjomba", akanipigia. "Shikamoo, mzee," aliniambia, "mimi ni mwenzake wa chumbani. Tafadhali usimwambie kwamba nimekupigia." Nilipanda basi alfajiri iliyofuata.

Nilipomkuta na kuona kwamba homa imeanza kushuka, nilimwuliza swali ambalo nadhani hata wewe ungeliuliza: "Mbona hukuniambia?" Alikaa kimya kitambo, kisha akanijibu kwa adabu ile ile aliyoondoka nayo nyumbani. "Mjomba, siku ile ulinisomea hesabu. Deni la kwanza nilikuwa sijalilipa. Ningekuja vipi kukopa la pili?"

Msomaji wangu, sikuwa na jibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini hawakutuambia la kufanya pale ambapo sisi wenyewe ndio tuliomfundisha mtoto kuuficha.

WALICHOKIONA WATAALAMU

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za shukrani kwa bidii ya mtu aliyeumwa na nyoka. Nimeona kwamba jambo hili, ambalo sisi aghalabu tunaliachia misikiti, makanisa na wazee wa mitaa, limechunguzwa kwa makini na wataalamu wa elimu ya nafsi, na mara nyingi waliochunguzwa walikuwa wanafunzi.

Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza matokeo ya majaribio yaliyojulikana sana. Katika jaribio mojawapo waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi matatu. Kwa muda wa majuma 10, kundi la kwanza liliandika kila juma mambo yasiyozidi matano ambayo mtu anayashukuru. Kundi la pili liliandika mambo yaliyowaudhi. Kundi la tatu liliandika tu mambo yaliyotukia, ya kheri au ya shari. Mwishoni ilionekana kwamba walioandika ya kushukuru waliyaridhia maisha yao zaidi kuliko wenzao, walilitazamia juma lijalo kwa matumaini zaidi, na walilalamikia maumivu ya mwili kwa uchache zaidi. Katika jaribio jingine, ambamo wanafunzi waliandika kila siku, waliokuwa wakiandika ya kushukuru walielekea zaidi kusema kwamba wamemsaidia mtu mwenye shida au kumliwaza.

Lakini uchunguzi ulionigusa kuliko wote ni ule uliotolewa mwaka 2008 na wataalamu wa Uingereza wakiongozwa na Alex Wood. Hao waliwafuata wanafunzi waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia chuo kikuu, yaani vijana walio katika hali ile ile ya mpwa wangu: wametoka nyumbani, hawajapata marafiki, kila kitu ni kigeni. Waliwapima mwanzoni mwa muhula wa kwanza na wakawapima tena mwishoni mwake. Walitaka kujua kipi kinatangulia. Je, mtu hushukuru kwa kuwa ana watu wa kumsaidia, au huwa na watu wa kumsaidia kwa kuwa ni mwenye kushukuru?

Mimi ningelijibu upesi kwamba msaada hutangulia, kisha shukrani ikafuata. Walichokiona wao ni kinyume. Wanafunzi waliokuwa na moyo wa shukrani mwanzoni mwa muhula ndio ambao mwishoni walijiona wamezungukwa na watu wa kuwategemea zaidi. Ndio pia ambao msongo wa mawazo na huzuni viliwapata kwa kiasi kidogo zaidi. Hali ya kuwa na msaada mwanzoni haikuonekana kuzaa shukrani baadaye kwa namna hiyo.

Inakuwaje? Si uchawi. Mwenye moyo wa shukrani hutazama msaada kwa jicho jingine. Mtu akimpisha kiti, akimwazima kitabu, akimwonyesha njia ya kwenda maktaba, yeye huona mambo matatu: kwamba kitu hiki kina thamani kwangu, kwamba kimemgharimu aliyenipa, na kwamba amenipa kwa kunitakia mema. Mwingine hupewa vile vile asione hata kimoja. Wa kwanza huweka moyoni orodha ya watu wema, na siku ya dhiki anajua mlango wa kubisha. Wa pili huenda akawa na watu wale wale, lakini hawaoni. Wahenga walikwisha lisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Shukrani ni ule uwezo wa kuitazama jahazi ukawaona mafundi walioiunda.

Tazama hata neno letu lenyewe. "Ahsante" tumelipokea kutoka lugha ya Kiarabu, na asili yake ni kumwambia mtu "umefanya vyema". Halisemi "nadaiwa" wala halisemi "nitakulipa". Ni neno la kumtazama mtu mwingine na kuushuhudia wema wake. Tunalitamka mara mia kwa siku, dukani na katika daladala, na kwa sababu hiyo tumesahau kwamba lina macho.

SHUKRANI NA DENI

Sasa tulirudie lile daftari langu. Mwaka 2006 mtaalamu mwingine wa Marekani, Philip Watkins, pamoja na wenzake, waliwapa wanafunzi visa vya rafiki anayetoa msaada, wakawataka waeleze wangejisikiaje. Msaada ulikuwa ule ule, ila walibadilisha jambo moja tu: kiasi ambacho yule rafiki alitazamia kulipwa fadhila. Kadiri matazamio ya malipo yalivyokuwa makubwa, hisia ya kudaiwa ilipanda, na shukrani ikashuka.

Nilipolisoma hilo nilijiona mwenyewe nimekaa sebuleni na miwani yangu, nikisoma bei ya godoro. Nilikuwa nikiua kile nilichodhani nakipanda. Kiswahili kina jina kamili la kitendo hicho, nacho ni masimango. Kila mmoja wetu amewahi kuyala masimango, na kila mmoja anajua ladha yake. Chakula hubaki kile kile, lakini hakipiti kooni.

Wapo watakaoniuliza: je, elimu si deni? Mwalimu Nyerere, katika miaka ya 1960, hakuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula? Aliwafananisha hivyo, na mfano huo ungali na uzito wake. Lakini utazame vizuri. Kinachomrudisha mtu yule kijijini ni kwamba anawajua waliobaki na njaa na anawapenda. Hakuna aliyemfuata njiani akimhesabia tonge alizokula. Kumkumbusha mtoto kwamba wapo wanaomtegemea ni wajibu wetu sisi wazazi. Kumhesabia tonge ni jambo jingine, na huenda likamfanya asirudi kabisa.

Na madeni yenyewe yapo, msomaji, wala hayajifichi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humkopesha kijana fedha ambazo vijana wenyewe huziita bumu. Kijana hutia sahihi, hutafutiwa mdhamini, na akisha kupata ajira hukatwa katika mshahara mpaka limalizike. Deni la namna hiyo lina kiasi, na lina siku ya kwisha. Lakini deni la kulelewa nani atalimaliza? Mtoto atalipa nini kwa kukesha kwa mama yake? Ukiyageuza malezi kuwa mkopo, umempa mwanao mzigo usio na siku ya kutuliwa. Mdaiwa wa namna hiyo hufanya afanyavyo mdaiwa yeyote asiye na kitu: humkwepa anayemdai.

SHUKRANI SI DAWA YA NJAA

Nisingependa, hata hivyo, uniache hapa ukidhani kwamba kila taabu ya mwanafunzi huponywa kwa kumwambia ashukuru. Wataalamu wenyewe wametuonya. Mwaka 2021 wawili kati yao, David Cregg na Jennifer Cheavens wa Marekani, walikusanya pamoja majaribio mengi ya mazoezi ya shukrani. Wakaona kwamba nguvu ya mazoezi hayo katika kupunguza huzuni kuu na wasiwasi ni ndogo. Kijana aliyezidiwa na huzuni hata hali wala halali anahitaji tabibu, wala hatahitaji hotuba. Tusimpe daftari la kuandikia fadhila mahali pa matibabu.

Vivyo hivyo, mwanafunzi ambaye bumu limechelewa, ambaye amekosa kitanda, ambaye anasoma kwa tumbo tupu, ana haki ya kulalamika na ya kusikilizwa. Mtu aweza kushukuru na kudai haki yake kwa kinywa kimoja. Tena mwenye kushukuru kweli huweza kudai vizuri zaidi, kwa maana anajua wema unafananaje, na hivyo hadanganyiki akipewa kisicho wema. Wale wanaomwambia mnyonge "shukuru kwa hicho ulichonacho" ili anyamaze, hao hawafundishi shukrani. Wanafundisha unyonge.

Mtamkumbuka yule kijana mwenye kitanda cha futi mbili na nusu. Hakuwa tajiri. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilipomwuliza kwa nini alimbeba mtu asiyemjua, alishangaa kidogo, kisha akaniambia kwamba alipokuwa kidato cha kwanza, mbali na kwao, kuna mpishi wa shule aliyekuwa akimwekea ukoko wa ugali kila jioni. "Sikuwahi kumlipa," alisema. "Nilipomwona huyu amekaa juu ya sanduku lake varandani, nilimkumbuka yule mama." Kijana huyu hakuwa na daftari, na hakuna aliyemsomea hesabu. Alikumbuka ukoko, akatoa nusu ya kitanda.

KUGEUZA UKURASA

Niliporudi Dar es Salaam nilitaka kulichana lile daftari. Mke wangu, ambaye ana busara kunizidi, alinizuia. Aliniambia, "Ligeuze." Nikaligeuza, na kwa upande wa nyuma nikaanza kuandika watu walionibeba mimi.

Nilishangaa jinsi kalamu ilivyokuwa nzito mwanzoni na jinsi ilivyokuwa nyepesi baadaye. Nilipofika mwaka 1979 nilisimama. Mwaka huo nilikuwa kidato cha tano mjini Tabora, na likizo moja nilikosa nauli ya kurudi nyumbani. Fundi mmoja wa reli, ambaye nilikuwa nimemfahamu kwa kununua karanga mlangoni kwake tu, alinipa kona ya sebule yake kwa mwezi mzima. Watoto wake walihamishwa mkeka kwa ajili yangu. Katika miaka yote hii, nikifanya kazi, nikioa, nikiandika katika magazeti juu ya mambo ya wema na utu, sikuwahi kumwambia mzee yule ahsante ya kweli.

Niliona haya kumtafuta. Nilijiambia kwamba atakuwa amesahau, kwamba ataona ajabu, kwamba maneno yangu hayatapangika. Baadaye niligundua kwamba haya hiyo nayo imepimwa. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley, wataalamu wa Marekani, waliwataka watu waandike barua za kuwashukuru waliowatendea wema. Waliwataka pia wakisie jinsi wapokeaji watakavyojisikia. Kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walikuwa wamekisia vibaya. Walidhani wapokeaji wangetahayari zaidi kuliko walivyotahayari, na hawakujua ni kwa kiasi gani barua zile zingewashangaza na kuwafurahisha. Waandishi walihofia ufasaha wa maneno yao, ilhali wapokeaji waliuona zaidi ukunjufu wa moyo.

Nilipata namba ya mzee yule kwa kuulizauliza. Alipokea simu mwenyewe, sauti imekuwa nyembamba. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia juu ya kona ya sebule na mkeka wa wanawe. Mkeka hakuukumbuka. Alichokumbuka ni kwamba nilikuwa nikimaliza mafuta ya taa kwa kusoma usiku, na kwamba mkewe, marehemu sasa, alikuwa akisema, "Mwache asome." Tukacheka. Kisha akaniuliza kama nina watoto, na kama wanasoma. Nikamweleza habari za mpwa wangu, na za daftari, bila ya kuficha. Yule mzee akanyamaza kidogo akasema, "Umemwomba radhi?" Nikamwambia nimemwomba. "Basi," akasema, "mengine ataona."

LA KUFANYA NYUMBANI

Ndugu msomaji, yawezekana wewe unafanya kazi kiwandani kwa zamu, au unaendesha daladala, au unauza nguo Kariakoo, na jioni unarudi umechoka. Sikupi kazi kubwa. Nitakupa mambo matatu ambayo yamesaidia nyumbani kwangu.

La kwanza, usimshukuru mtu kwa jumla. "Ahsante kwa yote" ni maneno ya adabu, lakini hayaoneshi kwamba umeona. Taja kitu chenyewe: ahsante kwa kuniamsha saa kumi ili nisichelewe zamu. Mtoto anayesikia baba akimwambia mama hivyo, naye hujifunza kuona. Na sisi wazazi tusingoje kushukuriwa tu. Binti aliyeteka maji, kijana aliyemsubiri mdogo wake shuleni, nao wametenda jambo la kutajwa.

La pili, unapompigia simu mwanao aliyeko shuleni au chuoni, usianze na maksi. Mwulize, "Juma hili nani amekusaidia?" Swali hilo hulitoa jicho lake katika upungufu wake na kulielekeza kwa watu waliomzunguka. Akikutajia jina, umejua ana mtu. Akikujibu kwamba hakuna, na juma lijalo tena akasema hakuna, hapo usingoje homa. Panda basi.

La tatu, mwambie waziwazi, kabla hajaondoka, kwamba akianguka arudi. Mwambie hata fedha zikipotea, hata mitihani ikimshinda, mlango wa kwanza wa kubisha ni wako. Usidhani anajua. Mpwa wangu hakujua, na alikaa chini ya paa langu miaka miwili. Wahenga wanatuambia tenda wema nenda zako. Sisi wazazi hatuwezi kwenda zetu, lakini twaweza kutenda wema bila ya kukaa mlangoni na bili.

Mpwa wangu alizifanya sapu zake mbili akafaulu moja. Ile nyingine inamlazimu kulirudia somo, naye analirudia. Amepata kitanda, na mwaka huu yeye ndiye aliyembeba mwenziwe kwa majuma mawili mpaka naye akapata chumba. Hakuniambia habari hiyo ili nimsifu. Aliniambia kwa sababu fedha za chakula zilikuwa zimepungua kwa kuwalisha wawili, na alitaka nimwongezee.

Aliomba, msomaji. Aliomba bila ya kuinamisha kichwa. Nami nilizituma siku hiyo hiyo, na sikuziandika popote.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.